Pete Kumi na Nne za Msonobari

Binti yake Profesa Lindahl alinipigia simu kuniambia kwamba baba yake amefariki, na kuniomba niseme maneno machache kwenye ibada kwa niaba ya wanafunzi wa ile maabara yake ya zamani. Nilikuwa kazini. Siku hizi niko maabara ya hospitali. Nakata vipande vyembamba vya nyama za watu nisiowajua, navipaka rangi, na madaktari wawili wanavisoma, kila mmoja kivyake, kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Nilimwambia nitasema, maana mfiwa hanyimwi. Nilipoweka simu mezani nikagundua kwamba nilichokuwa nacho kifuani hayakuwa majonzi. Ilikuwa aibu, ileile ya zamani, na ilinishangaza kuona haijapungua hata chembe. Nakaribia miaka hamsini. Nimelea watoto wawili wanaoelewa Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza, nimezika wazazi kwa njia ya simu, nimenunua nyumba New Hope, hapa Minnesota, na bado kuna mwaka mmoja ambao sijawahi kumsimulia mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, mgeni kutoka Same, na nilikuwa nimepanga Brooklyn Park pamoja na Kemunto, Mkenya wa Kisii aliyenizidi miaka sita na akili za maisha mara kumi. Sebule yetu ilikuwa na kochi moja, meza ya plastiki, na kipasha joto chini ya dirisha ambacho tulikianikia soksi. Kemunto alikuwa akitunza wazee wasiojiweza. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alinishusha kituo cha basi, na mazungumzo yetu ya maana yote tuliyafanyia ndani ya lile gari lake lenye mlango mmoja usiofunguka. Kazi yangu haikumwingia akilini kabisa. "Hebu ni-explain tena," alisema wiki ya kwanza. "Wewe uko masters, university kubwa hivyo, na job wamekupea ni ku-sandpaper miti?" Nikamwambia si miti, dada, ni vipande vya boriti. "Boriti za nani?" Za Wanavajo, wenyeji wa asili wa nchi hii, nikasema, za nyumba zao za kale huko New Mexico. "Na hao wenyewe waliisha?" Nikamwambia hawakuisha, wapo wengi, hata mmoja wao tuko naye maabara. "Basi si mumuulize tu huyo?" Nilicheka mpaka tukafika kituoni. Nilimwona hajui sayansi.

Maabara yenyewe ilikuwa chini ya ardhi, kwenye jengo la zamani la chuo, na dirisha lake moja lilikuwa usawa wa nyasi, kwa hiyo wapita njia tuliwajua kwa viatu. Ukutani kulikuwa na makasha, na ndani ya makasha mirija ya karatasi kama ile ya kunywea soda, na ndani ya kila mrija kijiti chembamba kuliko penseli kilichotobolewa kwa keekee kutoka kwenye boriti ya paa. Kazi yangu ilikuwa kukigandisha kijiti kwa gundi kwenye ubao wenye mfereji, kukisugua kwa msasa mkavu, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka kikang'aa kama ukucha. Halafu nakiweka chini ya hadubini na kuhesabu pete, moja kwa kila mwaka mti ulioishi. Kila pete ya kumi naitia kitone kimoja cha penseli, ya hamsini viwili, ya mia vitatu. Profesa alitaka penseli ichongwe kwa wembe kila baada ya saa, na alipita nyuma yetu akizikagua ncha kama mwalimu wa darasa la kwanza akikagua kucha. Vumbi la utomvu lilitukaa puani hadi chakula cha mchana kikawa na ladha ya msonobari. Sikuchoka nayo. Hata leo nikiulizwa kazi gani niliipenda kuliko zote, nitasema ile, na ndiyo maana mambo haya yananiuma.

Nyumba zenyewe nilizijua kwa picha na ramani tu. Karibu miaka mia tatu iliyopita Wanavajo waliishi kwenye makorongo ya kaskazini mwa New Mexico katika nyumba walizoziita hogani: magogo matatu yenye panda yanaegemezwa pamoja, yanajazwa miti pembeni, yanafunikwa udongo, na mlango hutazama mashariki. Maadui walikuja kuwaiba kondoo na, kibaya zaidi, watoto, ambao waliuzwa utumwani. Ndipo juu ya majabali yaliyokuwa karibu na hogani zile zikajengwa nyumba ndogo za mawe, nyingine juu ya jiwe moja tu lenye kimo cha ghorofa mbili. Ulipanda kwa gogo lililochongwa vidato, ukalivuta juu nyuma yako. Ukutani mliachwa matundu ya kuchungulia yanayotosha jicho moja. Sisi tunasema penye miti hapana wajenzi. Kule miti ilikuwa mifupi na ya kupindapinda, na wajenzi walikuwepo. Ila ni wajenzi gani? Vitabu vya wakati ule, kimojawapo cha Profesa mwenyewe, vilisema mawe yale yalipangwa na wakimbizi wa Kipueblo, watu wa vijiji vya mawe waliowaasi Wahispania wakakimbilia kwa Wanavajo. Wanavajo wenyewe, vilisema, walijua miti na udongo tu. Hivyo umri wa nyumba ulikuwa kesi nzima. Ikiwa nyumba ilijengwa miaka ileile ya wakimbizi kuingia, ni yao. Ikiwa ilijengwa kizazi kimoja baadaye, wenye hogani ndio walioijenga.

Mnavajo niliyemtaja kwa Kemunto aliitwa Verna. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, akiandika tasnifu yake ya udaktari, mwanamke mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Siku ya kwanza hakuniuliza jina wala nchi. Aliniambia ukoo wa mama yake, kisha wa baba yake, kisha wa babu zake wawili, akasubiri zamu yangu. Nikasema baba ni Mshana, ukoo wa wahunzi. "Na mama?" Nikababaika. Ilibidi jioni ile nipige simu nyumbani kuuliza, na mama yangu alicheka hadi kadi ya simu ikaisha. Tangu hapo tulikula pamoja kila mchana, kwenye meza ya pembeni ambako msasa haukuruhusiwa. Mimi nilileta makande, kwa kuwa Mpare ukimnyima makande umemnyima usingizi. Aliyaonja, akatafuna polepole, akauliza tunayaitaje. "Kwetu mahindi haya tunayapika na nyama ya kondoo," akasema. Nikamwambia kwetu pia, ukiwa na kondoo.

Tasnifu yake ilisimama juu ya nyumba moja tu, ile tuliyoijua kwa namba, iliyokaa juu ya jiwe karibu na mahali alipozaliwa bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alikuwa hai, na alikuwa na masimulizi ya nyumba ile aliyoyapokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake: wanawake wa ukoo wao walibeba udongo kwa vikapu, wanaume wakapandisha mawe, na upande mmoja wa paa ulivuja tangu siku ya kwanza kwa sababu shemeji fulani hakusikia alivyoambiwa. Masimulizi ya namna hiyo, Verna aliniambia, husimuliwa majira ya baridi tu, nyoka na dubu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kila Desemba alirudi nyumbani, akakaa karibu na jiko la kuni la bibi yake, akasikiliza, na Januari akarudi na daftari lililojaa. Alikadiria bado majira mawili au matatu ya baridi ili amalize. Nikamuuliza kama hawapendi wale wakimbizi. Akanishangaa. "Ukoo wa baba yangu umetokana nao," akasema. "Ni baba zangu. Lakini nyumba ile waliijenga mama zangu. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hatukujua kuinua jiwe."

Sampuli ya nyumba ile nilipewa mimi, mwezi Februari. Ilikuwa ya pekee kwa sababu ilikuwa bado na kipande cha gome, na penye gome ndipo ulipo mwaka mti ulipokatwa. Pete ya ndani tuliijua mwaka wake tayari kwa kuilinganisha na sampuli nyingine. Nilichotakiwa ni kuhesabu kutoka hapo hadi kwenye gome. Basi nieleze nilivyokosea, maana sidhani kama mtoto wa Minnesota angekosea vile. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kule New Mexico maji huja mara mbili, theluji ya majira ya baridi na mvua za Julai, na katikati ni ukame. Mti huweza kudanganyika katikati ya mwaka ukaweka mstari wa uongo. Wenzangu walilichukua kama jambo la ajabu la kuwa nalo macho. Mimi nilisikia nyumbani. Vuli na masika! Mwaka wenye mvua mbili ndio mwaka ninaoujua. Tulifundishwa pia kwamba mstari wa uongo huwa na ukingo uliofifia, na mwisho wa mwaka wa kweli ukingo wake ni mkali kama wa karatasi, na hilo nililijua kwa kichwa. Lakini penye pete nyembamba sana, za miaka ya njaa, jicho langu liliona mistari miwili, na moyo ukasema hii ni vuli na ile ni masika, mwaka ni mmoja. Nikatia hesabu moja penye mbili. Nilifanya hivyo mara kumi na nne, na nyumba ikazeeka kwa miaka kumi na minne, ikarudi nyuma hadi miguuni pa wakimbizi.

Kwa desturi ya kazi ile, sampuli husomwa na watu wawili wasioambiana. Ile nilisoma mimi, kisha Profesa akaja, na kabla ya kuketi akauliza, "Naki, umepata ngapi?" Nikamwambia. Uso wake ukachanua. Akaangalia kwa dakika chache, akasema naye anaona hivyohivyo. Ijumaa yake hesabu ile ikasomwa kwenye kikao. Verna hakubishana. Alikuja kwenye hadubini, akainama kwa muda mrefu, akajiinua. Yeye alikuwa mtu wa ramani na kuta, pete hakujifunza. "Mimi sijui kusoma hizi," akasema, na akanigeukia mimi, si Profesa. "Wewe unaiamini?" Nikamjibu kwamba nimehesabu mara tatu. Ilikuwa kweli. Nilikuwa na fahari ya kuku aliyetaga yai lake la kwanza.

Mwezi Aprili Profesa aliandaa makala, akaniagiza niisugue sampuli upya kwa msasa ulio laini kuliko wote ili ipigwe picha. Nilisugua asubuhi nzima. Nilipoiweka chini ya hadubini, kingo zilikuwa kali. Si moja, si mbili. Nilipita kutoka kitone hadi kitone na kila nilipokuwa nimeweka vuli na masika palikuwa na miaka miwili kamili, kila mmoja na mwisho wake. Nilihesabu hadi kumi na nne. Nyumba ilikuwa ya mama zake Verna.

Kesho yake nilimweleza Kemunto ndani ya gari. Alisikiliza hadi mwisho bila kuwasha redio, jambo lisilo la kawaida kwake. "Na ukimwambia huyo mzee, nini ita-happen?" Nikasema anaweza kunikatizia nafasi yangu ya kazi maabara mwezi Mei, na bila nafasi sina ada, na bila ada sina visa. "Sasa hao watu wa hiyo nyumba si walikufa kitambo? Hawana haraka, Nakiete. Wewe ndio uko na haraka. Ulimi uliponza kichwa." Nilimshukuru, na nikautumia ushauri ule kwa wiki tatu. Miaka mingi baadaye nilijidanganya kwamba Kemunto ndiye aliyenizuia. Haikuwa hivyo. Nilimweleza habari za wafu tu, sikumtaja Verna, na Kemunto ninayemjua, angejua kuna mtu hai anayeumia, angegeuza gari palepale. Wiki zile tatu nilikula na Verna kila mchana. Kamati yake ya tasnifu ilikuwa imemwambia achague nyumba nyingine na mada nyingine, na alikuwa akilizungumzia jambo hilo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia iliyofungwa kwa matengenezo. Nilijifunza kutazama chakula changu.

Mwishowe nilimwendea Profesa ofisini na ubao wangu mkononi. Nilimweleza yote, hata vuli na masika. Hakukasirika, na laiti angekasirika. Hadubini ilikuwa mezani kwake, imewashwa, kati yetu sisi wawili. Alikuwa na kawaida ya kuinamia kila kijiti ulichomletea, hata cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kile hakukiinamia. "Kingo ni suala la jicho, Naki," akasema. "Niachie, nitaliangalia." Nikakiweka mezani, nikatoka, na kwenye korido nikahisi mwepesi, nimetua mzigo. Wiki iliyofuata nikapata barua kwamba nafasi yangu imeongezwa mwaka mwingine. Haikutaja sampuli. Haikuhitaji. Nilitia sahihi siku hiyohiyo, na makala ikatoka na hesabu yangu ya kwanza ndani yake.

Verna aliondoka mwisho wa Mei, tasnifu yake haijakwisha. Nilimsaidia kubeba makasha hadi kwenye gari lake la mizigo. Kasha la mwisho lilikuwa la madaftari ya bibi yake, na alipolisukuma ndani alisema, bila uchungu, "Kumbe wazee nao hukosea." Hapo ndipo nilipopewa nafasi yangu, mchana mweupe, hakuna mtu mwingine pale ila sisi. Nikamjibu, "Wote tunakosea." Nimelirudia jibu lile mara nyingi tangu siku ile, na kila mara linaonekana baya zaidi, kwa sababu lilikuwa na sura ya wema. Akanikumbatia, akawasha gari.

Miaka ikapita. Niliacha akiolojia kabla ya udaktari, nikaingia hospitali. Siku moja, wakati wa mapumziko, nikasoma kwamba watu wa chuo kingine walichukua sampuli mpya kwenye nyumba ile, wakapata umri ulio mdogo kwa miaka kumi na minne, na kwa sentensi moja ya adabu wakasema usomaji wa awali uliruka pete. Nilifurahi. Nilijiambia ukweli umejitetea wenyewe, nami nimepona. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi nilikuwa na watoto wawili na kazi nzuri, nikaona methali nayo hukosea.

Ibada ilifanyika kanisani Saint Paul. Nilisema kwamba Profesa alinifundisha kuchonga penseli na kutoharakisha jicho, kwamba aliniletea koti la mkewe theluji ya kwanza ilipoanguka, na yote yalikuwa kweli. Kisha tukateremka ukumbini chini kula mikate ya nyama na keki za mraba. Verna aliingia wakati huo. Nywele zake zilikuwa mvi tupu. Alikuwa ametulia ndani ya gari muda wote wa ibada, kwa sababu, kwa desturi ya kwao, hapendi kukaa chumba kimoja na maiti, akaja sasa kutusalimia walio hai. Binti yake anasoma hapa na amepanga mji wa Hopkins, na Verna alikuwa amekuja kumtembelea. Tulikaa meza ya pembeni. Alinitania kuhusu zile pete zangu maarufu nilizoziruka, akicheka kama anavyochekwa rafiki aliyewahi kupotea njia, na akasema hakuwahi kunilaumu, kuhesabu ni kazi ngumu. Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Nilikiweka chini.

"Nilijua mwezi Aprili," nikamwambia. "Kabla hujaondoka. Niliziona zote kumi na nne. Nilimwambia Profesa, wewe sikukuambia. Nisamehe, Verna."

Aliacha kutafuna. "Aprili ileile?"

"Ileile."

Alifuta vidole kwa karatasi, kimoja kimoja, akavikalisha mezani. "Majira ya baridi yaliyofuata nilikuwa kwa bibi," akasema. "Sikuwa na kazi, nikawa namkatia kuni. Theluji ilipoanguka akaanza kunisimulia ile nyumba, pale alipoishia mwaka wa nyuma. Nikamwambia, Bibi, pumzika, wameshapima. Si yetu."

Nikauliza bibi alisemaje.

"Aliniomba radhi," akasema Verna. "Alisema basi mama yake lazima alimfundisha vibaya. Hakuigusa tena hadithi ile, na majira mengine ya baridi hakuyafikia."